Ukumbi wa mpira wa hamsini hapa Kondele: nimekaa pale misimu mitatu, wacha niwaambie

Watu wamekuwa wakiniuliza mahali pa kutazamia mpira hapa Kisumu kama hutaki baa, hutaki muziki wa kupasua masikio na hutaki kununua soda ya mia na hamsini ndio upewe kiti, na kila mara najibu haraka haraka kwa simu halafu nasahau kusema yale ya maana, kwa hivyo leo nimekaa chini niandike yote. Ukumbi wenyewe hauna jina. Kwa ukuta wa mabati wa bluu kumeandikwa tu na rangi nyeupe MPIRA 50/= na chini yake kila asubuhi kijana wa mlangoni anaandika mechi na saa kwa chaki. Ukishuka stegi ya Kondele unashika ile njia ya kuingia Manyatta, unapita mafundi wa viti, unapita mama wa omena, na ukianza kusikia watu wakibishana kuhusu kiungo mkabaji saa nne asubuhi, mechi ya kwanza ikiwa bado saa nne zaidi, ujue umefika.

Ndani ni mabati juu, mabati kando, sakafu ya simiti na mabenchi ya mbao safu kumi. TV ziko tatu, kubwa katikati na mbili ndogo pembeni, na hapa mnisikize vizuri: msikalie benchi la pili mkono wa kushoto, kwa sababu kuna nguzo inakata ile kona ya skrini yenye saa na matokeo, utashinda ukiuliza jirani ni dakika ya ngapi mpaka akuchoke. Benchi la tano kutoka mbele liko na msumari, mimi lilinirarulia suruali ya kazi na nimemwambia mwenyewe mara mbili. Joto ni la Kisumu, mnalijua, kuanzia Januari mpaka mvua ianze pale ndani ni kama tanuri, feni ni mbili na moja inazunguka pole pole kama imefiwa. Choo ni cha plot ya jirani na unaomba funguo.

Bei ni hamsini kwa mechi ya Uingereza, na hiyo ni mechi moja si siku nzima, kwa hivyo Jumamosi ukitaka ya saa nane na nusu, ya saa kumi na moja na ile ya jioni ya saa moja na nusu ni mia na hamsini. Champions League pia hamsini. Mechi za ligi yetu ya Kenya ni ishirini, na hizo nitazirudia, kwa sababu ndizo zimenifanya niandike. Chai ishirini, chapati ishirini, mayai na kachumbari thelathini, anauza mama mmoja pale mlangoni na chapati zake ni nzito zile za kushiba, ukifika dakika ya sitini umekosa.

Kitu nampendea mwenye ukumbi ni msimamo. Mechi mbili zikigongana saa ile ile, watu wanainua mikono, zinahesabiwa, yenye kura nyingi inaenda kwa TV kubwa yenye sauti na ile nyingine kwa ndogo bila sauti, na akishahesabu habadilishi hata aje nani na pesa gani. Watoto wa shule mechi za usiku haruhusu, hata kama ni mtoto wake. Mashine za kamari hataki ndani ya geti lake kabisa, aliletewa moja akaikataa, akasema hapa mtu anatoka amepungukiwa hamsini tu kwa mfuko, hatoki na sifuri. Nilimpeleka dada yangu mwaka jana, nilikuwa na wasiwasi, alipewa kiti cha plastiki mbele, hakuna mtu alimtupia neno baya, na wiki iliyofuata yeye ndiye alinipigia kuniuliza mechi ni saa ngapi.

Sasa mtasema kumbi za hamsini ziko mia hapa mjini, kwa nini huu. Ni kwa sababu ya maongezi. Kuna mzee tunamuita tu Jaduong', alikuwa karani wa hesabu kwa kiwanda kimoja cha sukari huko ukanda wa miwa miaka mingi, sasa amestaafu, anakaa benchi la mbele pembeni na daftari ya shule ile ya mraba mraba, kalamu ya bluu amefunga na uzi kwa kifungo cha shati. Kumbi zingine watu wanapiga kelele za nani ni bora nani si kitu. Pale ukisema timu yako imnunue fulani, Jaduong' anageuka pole pole anakuuliza, na pesa itatoka wapi? Ukikosa jibu unakaa chini.

Siku Chelsea walimchukua Moisés Caicedo kutoka Brighton, Agosti 2023, pauni milioni 115 ukihesabu na nyongeza, ukumbi ulikuwa moto, kila mtu anasema hii ni wizi, hii haiwezekani, sheria iko wapi. Jaduong' akamwita kijana mmoja wa boda akamuuliza, nyathina, yaani mwanangu, pikipiki yako ulichukua pesa ngapi? Akasema laki moja na themanini, mkopo. Miezi mingapi? Ishirini na nne. Mzee akaandika kwa daftari 7,500 akaigeuza tuione sote. Akauliza, na wangekupa miezi thelathini na sita? Elfu tano. Akasema basi, pikipiki ni ile ile, deni ni lile lile, lakini kwa kitabu cha mwezi huu unaonekana umetumia kidogo. Caicedo alipewa mkataba wa miaka minane, kwa hivyo kwa vitabu ile 115 inagawanywa kwa nane, inakuwa milioni 14 na kitu kwa mwaka, na Enzo Fernández kabla yake walimpa miaka minane na nusu kwa sababu hiyo hiyo. Mwisho wa 2023 ligi ikafunga huo mlango, sasa kwa mikataba mipya hata ukimwandika mtu miaka minane unagawanya kwa mitano tu. Nimesoma magazeti ya michezo miaka mingi na hakuna lililonieleza hiyo kitu nikaishika kama siku ile, na nililipa hamsini.

Kuna siku ingine alieleza kwa nini timu zinauza watoto wao wenyewe. Tulikuwa tunamlilia Mason Mount, si kwa kumpenda, kwa kushangaa vile Chelsea wanaweza kumpa Manchester United kijana waliyemlea tangu akiwa na miaka sita kwa pauni milioni 55. Mzee akasema mahindi ukinunua soko la Kibuye gunia elfu nne ukauza elfu tano umepata elfu moja, lakini mahindi ya shamba lako ukiuza elfu tano yote inaandikwa faida. Mount hakununuliwa, kwa hivyo milioni 55 yote ni faida kwa kitabu. Na Manchester City waliwauzia Chelsea Cole Palmer msimu huo huo kwa kama milioni 40 kwa njia hiyo hiyo, na hapo nikasema kwa sauti na narudia hapa, hesabu inaweza kukupa faida na bado ukawa umepoteza, juu Palmer alifunga magoli 22 ya ligi msimu wake wa kwanza kule na nambari kama hiyo huwezi kuiandika kwa safu ya faida.

Mimi ni wa United, niseme mapema ndio mjue naandika na moyo gani. Msimu wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15 na pointi 42, na pia tukaenda fainali ya Europa kule Bilbao tukapigwa moja bila na Tottenham, na siku ile nilitoka ukumbini bila kumaliza chai. Watu wanasema shida ni kocha, shida ni mabeki, shida ni straika. Maoni yangu ni kwamba shida yetu ilianza kwa kununua mtu kwa bei ya jina na kumlipa mshahara ambao hakuna timu nyingine itakubali kuubeba. Antony tulimtoa Ajax 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 80, na sitaki kumtukana kijana juu alienda Betis akacheza mpira mzuri watu wakamwona, maana yake miguu alikuwa nayo, lakini kwetu alibeba ile bei mgongoni kila alipogusa mpira. Casemiro nilimpigania sana pale ukumbini, msimu wa kwanza alitupa uti wa mgongo, lakini kumnunua mtu wa miaka 30 kwa pesa zile na mkataba mrefu ni kama kununua matatu ya zamani yenye injini nzuri, itakupeleka Busia vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, halafu uza sasa tuone nani anaitaka. Watu wa Arsenal pale, na ni wengi kuliko sisi wote tukijumlishwa, wana kitu kimoja lazima niwape: Declan Rice aliwagharimu milioni 100 na tano juu na hakuna mtu hata mmoja kwa mabenchi yale kumi amewahi kusema ilikuwa nyingi. Hiyo ndio tofauti, bei inasahaulika mchezaji akicheza.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya shabiki wa Everton. Ni mmoja tu ukumbi mzima. Aliipenda Julai 2017 walipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, ile mechi Wayne Rooney alifunga kutoka mbali na Jacques Tuyisenge akarudisha na kichwa kabla hawajatushinda mbili moja, yeye alisafiri na basi kutoka hapa mpaka Dar, na tangu siku hiyo akawa wa Everton kabisa, si wa mchezo. Novemba 2023 Everton walipokatwa pointi 10 alikuja Jumamosi amekaa kimya kama mtu ametoka matanga. Jaduong' akamwambia njoo hapa. Akamwonyesha: ligi inaruhusu hasara ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, nyinyi mkapita na milioni 19 na nusu, ndio hiyo. Jamaa akauliza, kwa hivyo sisi si wezi? Mzee akasema hapana, mlijenga uwanja mkubwa mkiwa na mfuko mdogo. Rufaa ikarudisha ikawa pointi 6, halafu Aprili wakakatwa 2 zingine, na Nottingham Forest nao walikatwa 4 msimu huo huo, na bado Everton walibaki ligi. Siku walipojua wamepona, jamaa alinunulia mabenchi mawili ya mbele chai.

Sasa ni siku hiyo ya pointi 10 kijana mmoja, si zaidi ya miaka kumi na tisa, aliuliza swali ambalo limebaki na mimi mpaka leo. Alisema, Jaduong', hiyo sheria wakileta kwa ligi yetu hapa nyumbani itakuwaje?

Watu wakacheka kwanza, halafu wakanyamaza. Mzee alifunga daftari. Akasema kwetu huwezi kukata timu pointi kwa hasara juu timu nyingi hazina kitabu cha kuonyesha hasara, zina mtu mmoja anatoa pesa, na huyo mtu akichoka timu imekwisha. Akatueleza vile kule kiwandani alikokuwa timu ya mpira ilikuwa ni mstari mmoja tu kwa bajeti, karibu na mstari wa mafuta ya trekta, na mwaka ambao sukari iliuzwa vibaya na wakulima walikuwa hawajalipwa miwa yao, mstari wa kwanza kuchorwa kalamu nyekundu ulikuwa huo. Yeye mwenyewe ndiye aliuchora. Aliongea pole pole sana, anaangalia mikono yake.

Na ukihesabu huku kwetu magharibi utaona maiti ni nyingi. SoNy Sugar ya Awendo walichukua ligi ya Kenya 2006, mabingwa wa nchi nzima, na msimu wa 2019/20 wakatolewa ligi kwa kukosa kufika mechi tatu kwa sababu hakukuwa na pesa ya kuwapeleka. Mabingwa wakakosa nauli! Chemelil msimu huo huo wakateremka. Muhoroni Youth hawako ligi kuu tena. Mumias timu yao ilikuwa ya kuogopwa zamani, sasa uliza mtoto wa shule ya upili kama ameisikia. Nzoia Sugar ya Bungoma nayo iliteremka. Si kwamba wachezaji walikuwa wabaya, miguu iko huku, vijana wa Nyando na Bungoma na Vihiga wanacheza mpaka jua linaingia ziwani, ni kwamba timu zilipandwa kwa udongo wa kiwanda na kiwanda kikikauka hakuna mizizi pengine.

Hata wale wakubwa hawakupona. Gor Mahia na AFC Leopards waliegemea SportPesa, kampuni ya kamari, ligi yote iliegemea SportPesa, na 2019 kampuni ilipokosa leseni hapa Kenya ikaondoa udhamini wote kwa siku moja, na unakumbuka yaliyofuata, wachezaji hawana mishahara, safari za Afrika zinachangishwa na mashabiki. Ikaja BetKing, kamari tena, 2020 na ile bilioni moja na milioni mia mbili ya miaka mitano, ikakatika 2021 baada ya kama mwaka mmoja tu. Baadaye FIFA wakazipiga timu zetu hizo mbili marufuku ya kusajili juu ya madeni ya wachezaji na makocha wa zamani, na hapo ndio uone tofauti, kule Uingereza unaadhibiwa kwa kutumia sana, huku unaadhibiwa kwa kutolipa mtu mshahara wake. Mtu akicheza mwezi mzima halafu akose kodi ya nyumba, usimuulize kwa nini alikosa penalti Jumapili.

Ndio narudi kwa ile ishirini. Mwenye ukumbi huu anaweka mechi za ligi ya Kenya zikionyeshwa, dekoda ya pili ameilipia kando kwa ajili hiyo, na nimehesabu mwenyewe Jumapili moja, tulikuwa watu kumi na wanne. Kumi na wanne mara ishirini ni mia mbili na themanini, haitoshi hata kulipa kijana wa mlangoni. Jumapili hiyo hiyo jioni Arsenal walipocheza watu walisimama mpaka nje. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akaniambia, ndugu yangu, hawa vijana wanajua jezi nambari ya kipa wa tatu wa Chelsea na hawajui beki wa kushoto wa Gor ni nani, na huyo beki amezaliwa hapa Nyalenda. Mimi nampa heshima kubwa kwa hiyo kitu na ndio maana nasema, kama unaenda pale mara moja tu, nenda siku ya mechi ya ishirini.

Na kuna siku moja ilionyesha kwamba watu wanaweza kujaa kwa ajili ya nyumbani. CHAN, Agosti 2025. Mnajua CHAN ni mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu, kwa hivyo orodha nzima ya kocha wa Kenya Benni McCarthy ilikuwa ni watu tunaowaona hapa hapa, na mwanzoni pale ukumbini waliidharau, wakasema tutapigwa mechi zote. Tukapiga DR Congo moja bila, Austin Odhiambo wa Gor. Tukatoka sare na Angola. Tukapiga Morocco moja bila, tukiwa na mtu mmoja pungufu nusu nzima ya pili, Ryan Ogam. Zambia pia moja bila, Ogam tena. Kufikia robo fainali na Madagascar tarehe 22, mwenye ukumbi aliondoa TV moja ndogo akaiweka dirishani iangalie nje juu ndani hakungeweza kuingia hata paka.

Omija akafunga na kichwa mara tu baada ya mapumziko, ukumbi ukaruka mpaka mabati yakatoa vumbi. Wakasawazisha na penalti. Ikaenda muda wa nyongeza, ikaenda mikwaju. Ilikuwa imefika kama saa moja na nusu, giza limeingia, mkwaju wa pili au wa tatu sikumbuki vizuri, na stima ikapotea mtaa mzima. Sijawahi kusikia kimya kama kile Kondele. Kijana wa mlangoni akakimbilia jenereta huku nyuma, anavuta kamba, inakohoa inakufa, anavuta inakufa, na mama wa chapati akawasha redio yake ndogo ile ya betri mbili aliyokuwa ameiweka kando ya sufuria, akainua juu kwa mkono ulio na unga, na watu zaidi ya mia na hamsini wakasimama gizani wakisikiliza mtangazaji mmoja. Nne kwa tatu, Madagascar. Jenereta ikashika dakika moja baadaye na taa zilipowaka niliona wanaume wazima wanafuta macho, na Jaduong' amesimama, mzee ambaye hasimamangi, anapiga makofi pole pole. Akasema hawa watoto wametoka ligi isiyo na pesa na wamezipiga DR Congo na Morocco. Tukapiga makofi na yeye. Hiyo siku hakuna aliyelipa ishirini, kijana alikataa kupokea.

Wiki hizo Ogam akaenda Austria, Wolfsberger, na ubishi ulikuwa mkali, wengine wanasema Tusker wangemshikilia, wengine wanasema acha kijana aende kabla mguu haujavunjwa kwa uwanja wa mashimo. Mimi niko upande wa aende. Michael Olunga alifunga 19 na Gor 2015, msimu ule hatukupoteza mechi hata moja ya ligi, akaenda Sweden, na 2020 alifunga 28 na Kashiwa Reysol akawa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Angebaki hapa mwaka 2019 ungemkuta hana mshahara. Lakini nakubaliana na Jaduong' kwa moja: timu yetu ikiuza mtu lazima iandike kwa mkataba asilimia ya mauzo yanayofuata, na pesa hiyo ipande timu ya vijana, isilipe deni la hoteli.

Lawama zangu zingine ni ndogo. Dekoda yao inachelewa, ukumbi wa upande wa pili wa barabara wanashangilia sekunde kadhaa kabla yetu, kwa hivyo kona ikipigwa na ukasikia kelele huko nje unajua tayari, na inaumiza. Mbu usiku wa Champions League ni wengi, vaa soksi. Mwenyewe aondoe ule msumari na aongeze feni, hiyo hamsini yetu inatosha. Na ningependa sana abandike ukutani ratiba ya mechi za Mamboleo, ule uwanja ulifunguliwa 2021 na kutoka Kondele ni matatu moja tu, juu niliwaambia vijana wa benchi langu twende mechi ya Gor moja kwa moja na nusu yao hawakujua kwamba tiketi ya kawaida inaweza kuwa bei ya mechi nne tu za ukumbini. Tulienda saba. Wawili walikuwa hawajawahi kuona mchezaji wa ligi kuu kwa macho yao, na mmoja alishangaa mpira unavyolia ukipigwa, akasema kwa TV hausikiki hivyo.

Ukienda ukumbini, fika nusu saa kabla kama ni Arsenal au Liverpool, kaa benchi la tatu katikati ndilo linaona TV zote, msalimie Jaduong' kwanza kabla ya kufungua mdomo kuhusu usajili, na beba hamsini ya karatasi au ya sarafu mkononi juu M-Pesa kijana anapokea mpaka saa tatu usiku tu, baada ya hapo simu inakuwa na mwenyewe na yeye huwa ameshika rimoti.